Ndala ya Bluu kwenye Ubao wa Funguo

Nimesikia mmoja wenu alitaka kuitupa ile ndala. Simtaji, mwenyewe anajijua. Aliikuta inaning'inia kwenye msumari wa saba wa ubao wa funguo, ndala ya bluu ya mtoto, ya mguu wa kulia, imepauka, akaona uchafu tu. Bahati nzuri mwenzake alimshika mkono, akamwambia, "We! Hiyo ya Mama Kivuli, acha." Sasa mie nimestaafu, sipo tena pale kibandani wa kumkemea mtu, na nyie mnabaki na ubao, na funguo, na hiyo ndala. Kwa hiyo nimekaa barazani kwangu na daftari, niwaandikie mara moja yaishe. Ile ndala ni ya mtoto niliyemfungia ndani ya gari juani, kwa mikono yangu hii, mchana kweupe. Mkiitupa mtasahau, na mkisahau mtakuja kumfungia wa kwenu.

Lakini nisianzie huko, mtanuna mapema. Nianze nilikoanzia.

Mie mzaliwa wa Temeke. Tegeta nilikuja kumfuata mume. Mume akaondoka, mie nikabaki na Tegeta. Kazi niliyoipata ni hii mnayoijua, kulinda magari kwenye yale maduka ya kando ya barabara ya Bagamoyo. Wakati ule mwanamke mlinzi alikuwa kitu cha kutazamwa. Siku ya kwanza nikapewa kizibao cha njano kinachonifika magotini, filimbi, na rungu. Rungu lile kwa miaka yote sikumpiga nalo mtu. Nilikuwaga naangushia kungu.

Aliyenipokea ni Mzee Komba, mtu wa Songea, aliyekuwa dereva wa malori kabla mgongo haujamgomea. Nikampa shikamoo, akaitika, halafu badala ya kuniuliza habari za nyumbani akaniuliza, "Kivuli kiko wapi?"

Nikamwonyesha ule mti wa mkungu na ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Palikuwa na kivuli kizuri, magari sita yangeingia bila kugusana.

"Hicho ni cha saa tatu. Cha saa saba kiko wapi?"

Nikasema si ndiyo hichohicho. Alicheka mpaka akashika mgongo. Kisha akanipa kipande cha chaki, akaniambia kila saa nikachore mstari pale kivuli cha ukuta kinapoishia. Mpaka jioni nilikuwa nimechora uwanja mzima kama watoto wanaocheza rede, na nimeelewa. Mtu anaegesha kivulini saa nne, anaingia benki, foleni inamkalisha, akitoka gari liko juani kitambo na usukani haushikiki. Hakuna aliyelisogeza. Kivuli ndicho kilichoondoka.

Nikajifunza na miezi yake. Mwezi wa sita, saa sita ya mchana, kivuli cha ukuta kinaangukia upande wa Mjini. Mwezi wa kwanza kinahamia upande wa Bagamoyo. Mwezi wa pili ukiisha hakiko upande wowote, jua linakukalia utosini na unaweza kuutafuta mwenyewe uvungu wa lori. Wateja wakanizoea. Wakitoka Madale au Goba wananipigia simu wangali njiani, "Mama Kivuli, niwekee pa mpaka saa nane." Jina langu la nyumbani hapo uwanjani hakuna anayelijua, na mie nimeshaacha kulidai.

Somo la pili la Mzee Komba lilikuwa la mkono. Alikuwa akipita kati ya magari anagusa vioo kwa mgongo wa kiganja, kioo hadi kioo, kisha anaweka viganja viwili pembeni mwa macho na kuchungulia ndani. Mie nilidhani anatafuta vya kuiba. Nikamuuliza kwa adabu anachungulia nini. Akasema, "Kibaka anakuja mara moja kwa wiki. Jua linakuja kila siku, na linaingia bila kuvunja kitasa."

Na kweli, niliyoyaona, jamani! Chupa za soda zilizopasuka. Kiberiti cha gesi kilicholipuka kwenye dashibodi kikaacha nyota kwenye kioo cha mbele. Keki ya kipaimara ya ghorofa tatu iliyoachwa siti ya nyuma wakati mama mtu amekwenda kusuka. Alipotoka, ghorofa zote zilikuwa chini na maua ya krimu yameingia kwenye mikanda. Aliniuliza, "Sasa nifanyeje?" Nikamwambia aende na vijiko.

Wanyama ndio walionitoa jasho. Desemba moja baba mmoja, safari ya Moshi kesho yake, aliacha kuku wanne wa kienyeji kwenye buti akaenda kutafuta matairi. Mzee Komba akasikia buti limenyamaza. Tukamtafuta mwenye gari, tukafungua. Walikuwa wamelala chali, midomo wazi, kama waumini kwenye mahubiri marefu. Tukawamwagia maji, tukawapepea na boksi. Mwenye kuku anatushangaa, "Si wanakwenda kuchinjwa tu?" Nikamjibu, "Basi wachinje wewe, usimwachie jua. Kibudu utamla?" Watatu walisimama. Wa nne alituangalia mpaka mwisho, hakutusamehe.

Halafu kulikuwa na mbwa wa mwalimu mmoja wa Goba, aliyekuwa akisafirishwa nyuma ya pikapu. Watoto walijikusanya kumcheka, eti anacheza singeli. Kumbe bati la pikapu limepata moto na anainua mguu mmoja mmoja asiungue. Mzee Komba akalowesha gunia akamtandikia. Mbwa akalala juu yake akatoa pumzi ndefu, na watoto wakaondoka kwa aibu. Tangu siku hiyo gunia moja na dumu la maji havijatoka kibandani. Mnavipiga teke tu, hamjui vimetoka wapi.

Na kasuku wa Bibi Sakina. Bibi Sakina alikuwa mama mzee wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vioo na alumini, na popote alipokwenda alikwenda na kasuku wake kwenye tundu. Siku moja akamwacha garini, akaingia duka la dawa. Kasuku akaanza, "Hodi! Hodi!" Watu wanapita wanaitika, "Karibu!" na wanaendelea na safari zao, wengine wanacheka. Hata mie niliitika. Mzee Komba akasimama, akasikiliza. "Hodi hii inakauka," akasema, na akaenda kumtoa Bibi Sakina dukani na dawa zikiwa bado hazijafungwa. Bibi alilia kweli siku ile. "Mimi iko mjinga, Mama Kivuli. Mimi iko mjinga kabisa." Tukamwambia hapana, Bibi, ni joto. Kuanzia hapo kasuku akawa anaachwa kibandani kwetu, na ndani ya miezi miwili akajifunza filimbi yangu. Akiipiga, gari linafunga breki katikati ya uwanja, dereva anatoa kichwa kunitukana, na mie niko mbali huko nimeshika kikombe cha chai.

Mzee Komba alipoondoka kurudi Songea aliniachia chaki, gunia na ubao. Ubao ni huo huo wa leo, misumari ishirini. Uwanja wetu ni mdogo na magari ni mengi, kwa hiyo wanaotuamini wanatuachia funguo, sie tunayapanga yabanane na kuyasogeza kila mwenye shida anapotaka kutoka. Leseni nilikuwa nimekwisha kuipata. Kabla ya hapo nilikuwa nasukuma.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kila mteja wangu nilimhubiria mambo mawili: egesha kwa kufuata saa, na acha kioo wazi vidole vinne, gari lipumue. Niliwapimia kwa vidole vyangu. Wengi wakashika. Lakini zikaibwa redio mbili mwaka mmoja, bosi akatoa amri: gari lolote ambalo ufunguo wake uko kwenye ubao lifungwe vioo vyote mpaka juu, na likiibiwa, mlinzi atajieleza. Mie nikaitii amri. Nikawa nahubiri vidole vinne mteja akiwepo, na akigeuza kisogo navifunga. Sikuona ajabu yoyote. Na vioo vyeusi vya tinti vilipozagaa, nikaacha kuchungulia pia, maana ulikuwa huoni kitu zaidi ya sura yako mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa Jumatatu, uwanja umefurika watu wa kununua sare. Saa nne na nusu wakaingia watu wa Madale niliowajua vizuri. Baba Neema, mtu wa Bukoba, karani wa ofisi moja mjini, mpole, anayesema "tafadhali" hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Mkewe, Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi, sauti yake inafika dawati la mwisho bila kujitahidi. Neema mwenyewe, darasa la pili. Na Dani, miaka minne, kalala siti ya nyuma, mama yake kamfunika kanga jua lisimpige njiani.

Gari lao niliwapa kivuli cha ukutani. Mama Neema akashuka na Neema kuelekea duka la sare, na huku keshawapa mgongo akasema, "Baba Neema, huyo Dani mpeleke akanyolewe!" Nilimsikia kwa masikio yangu. Baba Neema alikuwa kwenye simu na mkubwa wake, kuna faili limepotea. Akatikisa kichwa kukubali. Alimkubalia mkubwa wake. Akafungua mlango wa nyuma huku anaongea, akasukumia mkoba wake ndani bila kutazama, akafunga. Akashusha vioo vinne, vidole vinne kila kimoja, kama nilivyomfundisha. Akanipa ufunguo, akaenda kwa kinyozi peke yake, moyoni akijua watoto wote wako na mama yao kama siku zote.

Nilimwona anakwenda peke yake. Sikulitia maanani. Kichwani mwangu kazi yangu ilikuwa vyuma, watoto wana wenyewe.

Haikupita hata robo saa, lori la saruji likaja kushusha pale ukutani. Nikachukua ufunguo kwenye msumari wa saba, nikaingia kwenye gari la Baba Neema. Kwenye kioo cha ndani nikaona kanga na mkoba na mifuko, vitu vya familia. Nikalipeleka katikati ya uwanja, juani, mahali pekee palipobaki. Nikabonyeza vioo vinne vikapanda mpaka juu. Nikafunga milango. Nakumbuka nilijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna atakayeiba kitu humo.

Nilipokuwa narudi nikaikuta ndala chini pale gari lilipokuwa. Ndogo, ya bluu. Ilikuwa imedondoka mlango ulipofunguliwa. Nikasema labda ni ya hawa, nikaitungika na ufunguo wao msumari wa saba, nikajimiminia chai.

Chai kikombe kimoja na maandazi mawili. Ndiyo saa niliyopimia. Dakika ishirini, pengine na ushei.

Mama Neema akatoka na mifuko ya sare. "Mama Kivuli, hawa wanaume bado tu wananyoa?"

"Wanaume gani? Mzee alikwenda peke yake."

"Peke yake vipi? Na Dani?" Kisha macho yake yakaenda kwenye ubao. "Hiyo si ndala ya Dani?"

Niliung'oa ufunguo na msumari ukaja nao. Sijui nilivyofika. Nilipofungua mlango lile joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria la wali. Dani alikuwa ameteremka kwenye sakafu nyuma ya siti ya dereva, kanga imemzonga, uso umeiva, nywele zimelowa, na macho nusu. Nikamwita, hakuitika. Nikamnyanyua, alikuwa mlegevu na wa moto. Mama yake alipiga ukelele ambao siwezi kuuandika.

Mikono ilifanya kazi yenyewe. Kivulini chini ya mkungu, nguo zote nje, dumu la maji, lile gunia la mbwa limelowa mgongoni kwake, mtu anapepea na boksi. Baba Neema akaja mbio kutoka kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Tukamkimbiza mtoto zahanati ng'ambo ya barabara, mie mbele na filimbi nimesimamisha magari yote ya kwenda Bagamoyo. Nesi akampokea. Sie tukakaa kwenye benchi nje. Nilimwomba Mungu mambo mengi, na aibu yangu ni kwamba mojawapo lilikuwa asijue mtu kuhusu vile vioo.

Baada ya muda ambao siwezi kuupima kwa chai, tukasikia kutoka ndani, kwa kisauti kilichokauka, "Nataka juisi. Siyo maji. Juisi."

Nililia kama mtoto. Sote tulilia, hata yule kinyozi aliyetufuata na mashine mkononi.

Ndipo woga ulipomtoka Mama Neema ukawa hasira. "Umemsahau mtoto, haya, binadamu husahau. Hata kioo, Baba Neema? Hata kioo hukumwachia?"

"Niliacha wazi."

"Uliacha wapi? Nimeviona kwa macho yangu, vimefungwa vyote vinne!"

"Nadhani niliacha," akasema. Halafu taratibu, "Au sikuacha?" Nikamwona anavyoanza kujitilia shaka yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuongopa hata saa ya kufika kazini.

Nesi akatoka akasema jambo lililonitoa ujinga wa miaka yote. "Kioo si hoja hapa, mama. Mtoto haachwi ndani ya gari. Vidole vinne vinaingiza nzi, haviondoi joto. Na kivuli kinahama." Mie Mama Kivuli ndiye niliyekuwa naambiwa kwamba kivuli kinahama. Na mie nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Baba Neema, ufunguo wake umo mkononi mwangu, na nilinyamaza.

Nilinyamaza siku tisa. Niliogopa kufukuzwa kazi, nitakula nini. Lakini zaidi niliogopa uso wa Mama Neema. Nilijiambia nesi kasema kioo si hoja, basi nimwache.

Siku ya tisa Baba Neema akaja peke yake. Akaegesha, akafunga vioo, akavifungua, akavifunga tena, akalizunguka gari. Kisha akaja kibandani, amekonda.

"Mama Kivuli, naomba nikuulize tafadhali. Siku ile, uliviona vioo vyangu? Mimi nakumbuka niliviacha wazi. Lakini mwenzangu anasema najitetea, na sasa hata mimi sijui. Jana nimerudi kutoka kazini mara mbili kuangalia kama nilizima jiko."

Nikaweka filimbi mezani. "Uliviacha wazi. Niliyevifunga ni mimi."

Nikamweleza lori, amri ya bosi, vidole vyangu kwenye kile kitufe. Nikamwambia pia kwamba nilimsikia mkewe anasema mpeleke Dani, na nilimwona anakwenda peke yake.

"Siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaondoka na ufunguo wake, hakuniachia. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu, chaki na kikombe, nikisubiri kuitwa kwa bosi.

Kesho yake wakaja wote wawili. Mama Neema alinisema, jamani. Alinisema kwa sauti ya darasani na wauza matunda wakasimama kusikiliza. Siku tisa amemwita mumewe muongo mbele ya watoto kwa ajili yangu. Nikainamisha kichwa nikapokea, maana yalikuwa yangu. Kisha sauti ikamkatika. Akakaa kwenye kigoda changu. "Na mie," akasema, "nilisema 'mpeleke Dani' nimeshawapa mgongo. Wala sikugeuka kuona kama kasikia." Baba Neema akamshika bega, na kwa muda pale kibandani tulikuwa watu watatu ambao kila mmoja angeweza kumtoa yule mtoto na hakumtoa.

Nikataka kuwarudishia ndala yao. Baba Neema aliishika, akaigeuza, akatafuta jiwe, akaupigilia upya ule msumari wa saba, akaitungika mwenyewe. "Ikae hapa, tafadhali. Nyumbani tunayo mwenzake." Halafu akanipa ufunguo wa gari. Nilikuwa nakataa. Akauweka kiganjani mwangu akakifumba kwa mkono wake, akaenda na mkewe dukani.

Kwa bosi nilikwenda mwenyewe nikasema yote. Alifoka, akakaa chini, akanywa maji, akaifuta ile amri ya vioo. Ndipo ikaja kawaida ninayowasumbua nayo mpaka mnaniita mchawi: ukipokea ufunguo, kabla hujautungika, fungua mlango wa nyuma uingize mkono mpaka sakafuni. Usitazame tu, shika. Inua kanga, inua mkoba, fika nyuma ya siti ya dereva. Muulize mwenye gari, mkiwa mnatazamana, "Mmekuja wangapi?" na uwahesabu wakiondoka. Mtu akikwambia ameacha AC inawaka na mtoto ndani, mwambie injini haina mkataba na mtu, amtoe. Akikuambia ni dakika mbili, mkumbushe foleni ya benki. Kuku, kasuku, mbwa, vilevile. Akikununia, anune. Mie wameninunia wengi na wamerudi na watoto wao wazima.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinifanyia pilau, nawashukuru, ingawa chumvi mlimwaga. Mlipokuwa mnaosha sahani, likaingia gari la Baba Neema. Aliyeshuka upande wa usukani alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu tatu. Kabla ya kufunga, akafungua mlango wa nyuma, akainama, akapitisha mkono sakafuni nyuma ya siti ya dereva, akafunga. Alifanya hivyo huku anapiga mluzi, kama wengine wanavyofunga mkanda.

"Shikamoo, Mama Kivuli. Wazazi wamenituma nikuage. Wamekuletea ndizi."

"Marahaba, Dani. Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Wapi? Aa, hamna. Kwetu ndiyo tunavyofunga gari." Akacheka. Kisha akanyoosha mkono kunipa ufunguo, akauona ubao. Akasogea karibu. "Mama, hii ndala mbona iko hapa? Kwetu kuna moja kama hii, ya kushoto, iko ukutani mlangoni panapowekwa funguo. Ukiigusa, mama anawaka. Nimeuliza miaka, baba anasema ni ya mtu."

Walimlea miaka yote hiyo na hawakunitaja. Wangeweza. Nilisimama pale na ufunguo wake mkononi na nikajua kwamba yule niliyemkosea hasa bado sijamwambia.

Nikamsogezea kigoda. "Kaa kwanza, mwanangu. Hiyo ndala ni yako, na aliyekufungia ni mimi."

Nikamwambia yote, kwa mpangilio huu huu, mpaka juisi. Nilipomaliza akaishusha ndala msumarini, akaiweka chini, akavua kiatu akajaribu. Viliingia vidole viwili. Akaitazama kwa muda, halafu akanitazama mie.

"Sikumbuki hata kidogo, Mama."

"Najua. Mie nakumbuka."

Akaifuta vumbi kwa shati lake, akairudisha pale pale ilipokuwa. Akachukua ufunguo wake, akaaga. Akashusha mkungu wa ndizi akaniwekea kibandani, akarudi kwenye gari, na kabla ya kuingia akafungua mlango wa nyuma, akapiga goti moja chini, akaingiza mkono. Safari hii hakupiga mluzi. Akaupitisha taratibu, mpaka mwisho, mpaka pembeni kabisa, na akaushikilia pale kidogo.